W.E.B. Du Bois: Msomi aliyepigania taswira ya mtu Mweusi kwa takwimu, picha na kalamu

MNAMO mwaka wa 1900, mamilioni ya watu walifurika jijini Paris, Ufaransa, kutazama Maonyesho ya Dunia. Katika bustani za Trocadéro, makoloni yalikuwa yamejengewa vijiji vya kuigiza, kikiwemo kile cha Dahomey, ambamo Waafrika walitazamwa na wapita njia kana kwamba ni bidhaa dukani.

Mwendo mfupi kutoka hapo, kando ya mto Seine, palikuwa na chumba kilichosimulia hadithi tofauti kabisa. Ukutani mlitundikwa chati zipatazo 60, zilizochorwa kwa mkono na kutiwa rangi za kuvutia. Mezani paliwekwa albamu zenye picha 363 za Wamarekani Weusi wa jimbo la Georgia: mabibi waliovalia nadhifu, wazee wa makanisa, wanafunzi, wenye maduka, watoto waliokaa wima mbele ya kamera.

Aliyekusanya picha na takwimu hizo alikuwa mhadhiri wa miaka 32 kutoka Atlanta, William Edward Burghardt Du Bois. Kwa kukosa fedha, alisafiri hadi Ulaya katika daraja la chini kabisa la meli. Alirudi nyumbani na nishani ya dhahabu.

Swali lililompeleka Paris ndilo lililomkosesha usingizi maisha yake yote: ni nani anayeuchorea ulimwengu sura ya mtu Mweusi, na sura hiyo inamtendea nini yule aliyechorwa?

Utoto na masomo

Du Bois alizaliwa Februari 23, 1868, katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, miaka mitatu tu baada ya utumwa kufutwa nchini Marekani. Babake aliondoka nyumbani angali mtoto mchanga, akalelewa na mamake, Mary Silvina, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu na kipato chake kidogo.

Katika mji huo watu Weusi walikuwa wachache, naye alicheza na kusoma pamoja na watoto Wazungu bila kuona tofauti kubwa. Siku moja wanafunzi walipokuwa wakibadilishana kadi za salamu, msichana mgeni aliikataa kadi yake kwa kumtupia jicho tu. Baadaye Du Bois alieleza kwamba hapo ndipo alipong'amua kuwa kulikuwa na pazia baina yake na wenzake.

Mamake alifariki mwaka wa 1885. Mwaka huo huo kijana huyo alielekea kusini, katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu Weusi. Wakati wa likizo alifundisha katika shule za mashambani za Tennessee, ambako aliwaona wakulima waliokuwa huru kisheria lakini wamefungwa na madeni na ufukara. Umaskini huo hakuwahi kuusoma katika kitabu chochote, na wale waliouandika waliuita uvivu.

Kutoka Fisk alijiunga na Harvard, kisha akaenda Berlin, Ujerumani, kati ya 1892 na 1894, ambako alijifunza mbinu za utafiti wa jamii zilizokuwa mpya wakati huo. Mnamo 1895 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kutunukiwa shahada ya uzamifu na Harvard. Tasnifu yake kuhusu kukomeshwa kwa biashara ya watumwa ilichapishwa mwaka uliofuata.

Takwimu dhidi ya uvumi

Mwaka wa 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwalika kuchunguza maisha ya watu Weusi mjini Philadelphia. Wakuu wa jiji waliamini kwamba mtaa walioishi watu hao ulikuwa chimbuko la uhalifu. Hakupewa darasa la kawaida la kufundisha, na cheo chake kilikuwa cha chini. Hata hivyo, alihamia mtaa huo pamoja na mkewe Nina, akabisha mlango baada ya mlango, akiuliza kuhusu kazi, kodi ya nyumba, elimu na magonjwa.

Kitabu kilichotokana na utafiti huo kilichapishwa mwaka wa 1899. Kilionyesha kwamba matatizo ya mtaa yalitokana na kunyimwa ajira, kodi za juu na historia ya utumwa, wala si damu ya wakazi wake. Aidha, kilionyesha kwamba watu Weusi hawakuwa kundi moja lisilo na tofauti, bali walikuwamo maskini na wenye uwezo, wasomi na vibarua, wacha Mungu na walevi, kama ilivyo katika jamii yoyote.

Tangu 1897 alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Atlanta, ambako aliongoza mfululizo wa tafiti kuhusu shule, makanisa, biashara na familia za watu Weusi. Wanafunzi wake walifunzwa kukusanya ushahidi kabla ya kutoa maoni, na baadhi yao ndio waliosaidia kuchora zile chati za Paris. Du Bois wa wakati huo aliamini kwamba ubaguzi ulikuwa tunda la ujinga, na kwamba ukweli ukishawekwa mezani, chuki ingeyeyuka yenyewe.

Imani hiyo ilitikiswa Aprili 1899. Kibarua Mweusi aitwaye Sam Hose, aliyetuhumiwa kumuua mwajiri wake, alichomwa moto akiwa hai na umati karibu na mji wa Newnan, huku magazeti yakiwa yameuchochea umma kwa habari zilizotiwa chumvi. Du Bois aliandika barua ya kuomba busara, akashika njia kwenda kumwona mhariri wa gazeti moja la Atlanta. Njiani aliambiwa kwamba vifundo vya vidole vya marehemu vilikuwa vimeanikwa katika duka la vyakula, mbele kidogo ya barabara hiyo hiyo. Akageuka, akarudi nyumbani. Mwezi mmoja baadaye, mwanawe wa pekee wa kiume, Burghardt, alifariki kwa ugonjwa wa dondakoo kabla hajatimiza miaka miwili.

Mwaka wa 1903 alichapisha mkusanyiko wa insha uliompatia sifa duniani. Humo alifafanua hali ya mtu anayelazimika kujitazama kupitia macho ya jirani anayemdharau, hata akawa na nafsi mbili ndani ya mwili mmoja. Wanaofundisha masuala ya uwakilishi katika vyombo vya habari wangali wakianzia katika wazo hilo. Maana taswira mbaya humpotosha mtazamaji, lakini pia humwingia yule anayetazamwa hadi akaanza kuiamini.

Magazeti yalipowasha moto

Septemba 1906 ilimfunza Du Bois kwamba gazeti laweza kuua. Katika kampeni za ugavana wa Georgia, wagombea wawili waliokuwa na uhusiano wa karibu na magazeti makuu ya Atlanta walishindana kuwatisha wapiga kura Wazungu kuhusu watu Weusi. Jumamosi Septemba 22, magazeti ya jioni yalitoa matoleo ya ziada, moja baada ya jingine, yakidai kwamba wanawake Wazungu walikuwa wameshambuliwa. Habari hizo hazikuwa zimethibitishwa.

Usiku huo maelfu ya Wazungu waliingia mitaani. Vurugu ziliendelea kwa siku kadhaa, na watu Weusi wasiopungua 25 waliuawa. Du Bois alikuwa katika jimbo la Alabama akifanya utafiti. Alipanda gari-moshi kurejea kwa mkewe na bintiye Yolande, akaketi kwenye ngazi za nyumba na bunduki mapajani. Umati haukufika kwake.

Msomi aliyeamini takwimu peke yake hakuwa na la kujitetea mbele ya kichwa cha habari cha uongo. Ilimbidi awe na gazeti lake.

Nafasi hiyo ilipatikana mwaka wa 1910, alipojiunga na chama kipya cha kutetea haki za watu Weusi, NAACP, chenye makao yake New York. Novemba mwaka huo alizindua jarida la chama hicho, The Crisis. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000. Kufikia 1919, jarida hilo lilikuwa likichapisha takriban nakala 100,000 kwa mwezi na kusomwa katika vibanda vya wakulima wa kusini sawa na katika nyumba za walimu na madaktari.

Wakati ambapo matangazo ya sabuni, vibonzo na michezo ya jukwaani yalimwonyesha mtu Mweusi kama mzaha, jalada la The Crisis lilimwonyesha kama mtu. Wahitimu wa vyuo walichapishwa pamoja na picha zao. Kila Oktoba lilitoka toleo maalumu la watoto, likiwa limejaa nyuso za wana waliotumwa na wazazi wao kutoka kila pembe ya nchi. Lakini Du Bois hakuficha maovu pia. Mwaka wa 1916 alichapisha taarifa ndefu pamoja na picha za kuuawa kwa Jesse Washington, kijana aliyechomwa na umati mjini Waco, Texas. Picha ambazo wauaji walizipiga kwa majivuno, yeye alizigeuza kuwa ushahidi dhidi yao.

Vita dhidi ya sinema

Mwaka wa 1915 ilizuka silaha mpya yenye nguvu kuliko gazeti. Mwelekezi D.W. Griffith alitoa filamu ya kimya ya takriban saa tatu, The Birth of a Nation, iliyosimulia historia ya Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wahusika Weusi wabaya waliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni, nao wanachama wa Ku Klux Klan walionyeshwa kuwa mashujaa. Filamu hiyo ilionyeshwa hata katika ikulu ya Rais Woodrow Wilson. Mwaka huo huo kundi la Klan, lililokuwa limekufa, lilifufuliwa upya huko Georgia.

NAACP ilipigania filamu hiyo ipigwe marufuku au ikatwe sehemu zake za matusi. Majimbo ya Ohio na Kansas yaliikataza. Kwingineko kelele za maandamano ziliitangaza zaidi. Du Bois alijikuta njia panda: mwandishi anayetetea uhuru wa kusema alikuwa akiomba wachunguzi wa serikali wazime kazi ya sanaa. Alikiri kwamba dawa bora ingekuwa watu Weusi kutengeneza kazi zao wenyewe, ila sinema ilihitaji mali ambayo hawakuwa nayo.

Alijibu kwa kile alichokuwa nacho. Tangu 1913 alikuwa ameandika na kuandaa tamthilia kubwa ya uwanjani, The Star of Ethiopia, iliyosimulia historia ya watu Weusi kuanzia ufuaji wa chuma barani Afrika, kupitia utumwa, hadi uhuru. Oktoba 1915 ilichezwa katika uwanja wa besiboli jijini Washington ikiwa na waigizaji wapatao 1,000, wengi wao watu wa kawaida wa mji huo. Ilimletea hasara ya fedha, lakini maelfu waliiona hadithi yao ikisimuliwa kwa fahari kwa mara ya kwanza.

Mnamo 1919, mwaka uliojaa mauaji ya kikabila, msichana wa miaka 12 alimwandikia kwamba alitaka kujifunza zaidi kuhusu watu wake, na kwamba aliwachukia Wazungu kama wao walivyomchukia yeye. Barua hiyo ilimchoma moyo. Aling'amua kwamba jarida lake, kwa kuripoti ukatili kila mwezi kama ilivyopasa, lilikuwa likiwalisha watoto chuki.

Hivyo basi, Januari 1920, akishirikiana na Augustus Dill na mwandishi Jessie Fauset, alianzisha The Brownies' Book, jarida la watoto Weusi. Lilikuwa na hadithi, mafumbo, michezo, maisha ya mashujaa na picha za watoto wanaofanana na wasomaji wake. Kijana Langston Hughes, ambaye baadaye angekuwa mshairi mashuhuri, alichapishwa humo akiwa bado hajulikani. Jarida lilifungwa baada ya matoleo 24, kwa kukosa wanunuzi wa kutosha.

Alipopingwa na vijana wake

Kufikia miaka ya 1920 mtaa wa Harlem, New York, ulikuwa umefurika waandishi, wanamuziki na wachoraji Weusi, na wachapishaji Wazungu walikuwa wakiwakimbilia. Du Bois aliona hatari. Vitabu vilivyonunuliwa zaidi ni vile vilivyoonyesha ulevi, kamari na uasherati. Je, msanii Mweusi yu huru kuandika atakavyo, au anaandika kile ambacho mwenye soko anataka kuamini kuhusu watu wake?

Mwaka wa 1926 alituma maswali saba kwa waandishi na wachapishaji, Weusi kwa Weupe, kuhusu namna mtu Mweusi anavyopaswa kuonyeshwa katika sanaa, akachapisha majibu yao kwa miezi kadhaa. Alichohoji ni pamoja na iwapo msanii analazimika kuonyesha watu wema tu, iwapo wachapishaji wanastahili lawama kwa kukataa riwaya za watu Weusi wenye elimu, na iwapo picha za wahuni pekee hazitawashawishi vijana kuzifuata. Katika hotuba aliyoitoa Chicago mwaka huo, alishikilia kwamba sanaa haiwezi kutenganishwa na vita vya haki.

Vijana hawakukubali. Hughes alitetea haki ya msanii kuonyesha uzuri na ubaya wa watu wake bila woga. Claude McKay, mzawa wa Jamaica, alipochapisha riwaya kuhusu mabaharia na vibarua wa Harlem mwaka wa 1928, Du Bois aliishambulia kwa maneno makali, naye McKay akajibu kwa ukali vivyo hivyo. Wakosoaji walisema kwamba heshima aliyoipigania Du Bois ilikuwa heshima ya wasomi wenye suti na piano, na kwamba mfua nguo au mcheza dansi hakupata nafasi ya kutosha kwenye majalada yake.

Lawama hiyo haikukosa msingi. Du Bois aliamini kwa miaka mingi kwamba wachache wenye vipaji na elimu ndio watakaowainua wengine. Yeye aliyewaonyesha Wazungu kwamba watu Weusi si kundi moja, mara nyingine alitaka waonekane kwa sura moja tu, ile nzuri. Hata hivyo, maswali yake saba hayajazeeka. Yangali yakiulizwa kila filamu mpya kuhusu Afrika inapotoka.

Vita vyake vingine vilionekana vidogo lakini vilikuwa na uzito. Kwa miaka mingi alidai kwamba neno Negro, lililotumiwa wakati huo kuwataja watu wake, liandikwe kwa herufi kubwa kama majina ya mataifa mengine. New York Times lilikubali mwaka wa 1930. Ensaiklopidia ya Britannica ilipomwomba makala kisha ikaondoa aliyoyasema kuhusu mchango wa watu Weusi baada ya utumwa, alikataa ichapishwe.

Makala hiyo iliyokwama ilizaa kitabu kikubwa. Baada ya kutofautiana na NAACP na kuacha The Crisis mwaka wa 1934, alirudi kufundisha Atlanta, na mwaka uliofuata akatoa historia ya kipindi kile kile ambacho filamu ya Griffith ilikipaka matope. Sura ya mwisho ilivichambua vitabu vya shule vya Marekani na kuonyesha jinsi vilivyowafunza watoto kwamba watu Weusi walikuwa wajinga, wavivu na wasioweza kutawala. Jarida kuu la wanahistoria wa nchi hiyo halikukichambua kitabu hicho kilipotoka. Miongo kadhaa baadaye, wanahistoria walikubali kwamba Du Bois ndiye aliyekuwa na haki katika mambo ya msingi.

Kuelekea Afrika

Oktoba 1945, akiwa na miaka 77, Du Bois alikuwa mjini Manchester, Uingereza, katika Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo Kwame Nkrumah, George Padmore na Jomo Kenyatta. Kenyatta mwenyewe aliwahi kuonja mambo haya ya taswira: katika miaka yake ya dhiki jijini London, alipata sehemu ndogo katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka wa 1935, iliyousifu utawala wa Waingereza Afrika. Mwigizaji mkuu Mweusi wa filamu hiyo, Paul Robeson, baadaye aliijutia.

Nchini mwake, mzee huyo sasa alitazamwa kwa shaka. Mwaka wa 1951 alishtakiwa kwa madai ya kuwa wakala wa dola la kigeni kwa sababu ya kampeni zake za amani. Mahakama ilimwachilia, lakini marafiki wengi walikuwa wamemkimbia, na alinyimwa pasipoti hadi 1958. Desemba mwaka huo, viongozi wa harakati za uhuru walipokutana Accra chini ya uenyekiti wa Tom Mboya, mkewe wa pili, Shirley Graham, ndiye aliyemsomea hotuba kwa kuwa alikuwa mgonjwa.

Mnamo 1961 alijiunga na chama cha Kikomunisti, kisha akahamia Ghana kwa mwaliko wa Nkrumah. Kazi aliyoitiwa ilikuwa ndoto aliyoianza mwaka wa 1909: ensaiklopidia ya Afrika itakayoandikwa na Waafrika wenyewe. Alikuwa na miaka 93. Aliandika barua kwa wataalamu, akapanga juzuu, akakusanya majina ya waandishi, akijua fika kwamba hatauona mwisho wake. Mwaka wa 1963 alipata uraia wa Ghana.

Aliaga dunia usiku wa Agosti 27, 1963 jijini Accra, akiwa na miaka 95. Asubuhi iliyofuata, robo milioni ya watu walikusanyika Washington kudai haki, na kifo chake kikatangazwa jukwaani. Umati ulinyamaza kwa muda kumkumbuka. Kamera za televisheni zilikuwa hapo, zikiwapelekea walimwengu picha za watu Weusi wenye nidhamu, fahari na msimamo, kwa maelfu yao.

Ghana ilimzika kwa heshima za kitaifa. Nyumba alimoishi Accra ilifunguliwa kuwa kituo cha kumbukumbu mwaka wa 1985, na mabaki yake yakahamishiwa huko. Albamu zake za Paris zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Nyuso nyingi humo hazina majina, kwani hakuandika maelezo chini ya picha. Aliwaacha watu hao wamtazame mtazamaji, bila mtu wa kati kuwasemea.